Gari gani lina mbio? Mabishano ya garaji, Nürburgring na mteremko wa Ngomo

Vijana wa Uvira wanaobishana juu ya motokari zenye mbio, wengi wao hawajagusa hata moja ya zile wanazozitetea. Mimi hilo halinisumbui. Kazi yangu ni mikrofoni, nimesikiliza mabishano ya kila aina: bei ya mihogo, mipaka ya mashamba, nani anastahili kuwa chifu. Lakini ni mara chache nasikia watu wanabishana kwa hesabu kama mafundi wa garaji moja kule Kimanga, siku ambazo kazi ni kidogo. Telefone zinatoka mifukoni, video inaanza, na kila mtu anataja dakika na sekunde kama vile alikuwa ndani ya gari.

Kwa ndugu wasiofuata mambo hayo nieleze kidogo. Kule Ulaya kuna sirkiti, yaani viwanja vya mbio za magari, ambazo siku fulani zinafungulia mtu yeyote. Unalipa, unaingia na gari lako mwenyewe, pengine lile lile unalopelekea watoto shuleni, unakimbia mahali ambapo hakuna gari linalokuja mbele yako. Si mashindano, hakuna kikombe. Mashuhuri kuliko zote ni Nürburgring, Ujerumani, katika vilima vya Eifel. Sehemu yake ya kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 1927, ina urefu wa karibu kilomita 20.8, kona zaidi ya 70, na kati ya mahali pa juu na pa chini kuna tofauti ya kama mita 300. Siku za watu wote mzunguko mmoja unalipiwa kama euro 30. Unatakiwa kuwa na leseni na gari lenye kibali cha barabarani, na sheria inayotumika ni ile ile ya barabara: kushindana hairuhusiwi, kupima muda hairuhusiwi. Na bado mabishano yote ni juu ya muda!

Mida inayotajwa zaidi inatoka kwa makampuni yenyewe. Wanakodi uwanja ukiwa umefungwa, wanaleta shofa wao, wanatangaza matokeo. Hapo ndipo fitina inaanza. Mwaka 2008 Nissan ilisema gari lake la GT-R limezunguka kwa dakika 7 na sekunde 29. Watu wa Porsche hawakuamini. Walinunua GT-R yao wenyewe, wakaipeleka pale pale, wakapata dakika 7 na sekunde 54. Nissan ilisimama kwenye neno lake, Porsche kwenye lake. Kesi hiyo ni ya zamani, lakini kule Kimanga inasikilizwa upya karibu kila wiki, na mashahidi hawakosi.

Mimi sina upande. Nilichofanya ni kuandika namba kwenye daftari langu la kazi, nikazisoma polepole kama tunavyosoma karatasi za bajeti. Namba mbili zilinishika. Mwaka 2020 Mercedes walipeleka AMG GT Black Series, yenye nguvu za farasi 730. Ilizunguka kwa dakika 6 na sekunde 48. Mwaka 2022 Porsche wakapeleka 911 GT3 RS, yenye farasi 525. Ilizunguka kwa dakika 6 na sekunde 49. Hesabu mwenyewe: farasi 205 za ziada, hizo ni nguvu za Hiace mbili za mazuti tunazozijua sisi, na kwa kilomita zaidi ya 20 zimenunua sekunde moja na kidogo.

Zilienda wapi? Porsche hiyo ni nyepesi zaidi, na ina bawa kubwa nyuma. Ikiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, upepo unaikandamiza chini kwa uzito wa kilo 409, kama vile watu sita wameketi juu ya paa, lakini watu ambao moteri hailazimiki kuwasukuma kama mzigo. Kwa hiyo kwenye kona inashika barabara, na shofa anachelewa kukanyaga freni. Mwenzake mwenye nguvu anamkaribia kwenye sehemu iliyonyooka, yeye anamtoroka kwenye kona.

Kuna namba nyingine, hii ilileta kelele. Mwaka 2021 Tesla Model S Plaid, gari la umeme lenye farasi 1,020 na uzito wa zaidi ya tani mbili, lilizunguka kwa dakika 7 na sekunde 35. Farasi karibu mara mbili ya Porsche ile, na nyuma yake kwa sekunde 46! Mwaka 2023 lilirudi na freni za seramiki, mipira inayong'ang'ania lami vizuri zaidi, na ruhusa ya kufika spidi ya juu zaidi. Moteri ni zile zile. Likapata dakika 7 na sekunde 25. Kijana mmoja anayechomelea vyuma, mtetezi mkubwa wa Tesla, aliniambia:

“Kaka mwandishi, unaficha. Ni ile spidi iliyofunguliwa ndiyo ilifanya kazi.”

Pengine kwa sehemu ana haki. Lakini spidi ambayo huwezi kuisimamisha hautaitumia. Utaachia mafuta mapema, mita mia kabla ya kona, kwa sababu mguu wako unajua kitu ambacho mdomo wako unakataa.

Watu wanaokwenda kwenye siku hizo za uwanja mara nyingi wanajua hilo kuliko sisi wa video. Video inaonyesha mzunguko mmoja. Wao wanakimbia dakika kumi na tano, ishirini, na hapo maneno yanabadilika. Gari zito lenye nguvu nyingi linatisha kwenye mizunguko miwili ya kwanza, halafu pedali ya freni inaanza kuwa laini kama imekanyaga ugali. Gari dogo kama Lotus Elise ya mwaka 1996, kilo kama 725 na farasi 118 tu, linaendelea kama lilivyoanza. Ndiyo maana mzunguko wa mwisho wanaufanya taratibu bila kugusa freni, ili zipoe, na wakisimama hawavuti freni ya mkono chuma kikiwa bado cha moto.

Sababu yake ni ya darasani. Freni haziui mbio, zinazigeuza kuwa moto. Uzito ukiwa mara mbili, moto ni mara mbili. Mbio zikiwa mara mbili, moto ni mara nne. Moto huo unaingia kwenye plakete, kwenye diski, mwishowe kwenye mafuta ya freni. Mafuta hayo yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanakubali kubonyezwa. Unakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, gari linaendelea.

Hapo ndipo niliacha kufikiria Ujerumani, nikafikiria Ngomo.

Msomaji wa mbali ajue kwamba kati ya Bukavu na Uvira kuna milima ya Ngomo. Ziwa Kivu liko juu ya Ziwa Tanganyika kwa karibu mita 700, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo barabara inaimaliza pale, kati ya Nyangezi na Kamanyola, kwa kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine hewa tupu. Wenye uwezo na karatasi wanapitia Rwanda, wanarudi kwa Bugarama. Wengine wote wanashuka Ngomo. Nilipiga hesabu: gari la tani moja na nusu likishuka mita 600 tu, moto unaotakiwa kumezwa ni sawa na kulisimamisha karibu mara nne kutoka kilomita 200 kwa saa. Basi dogo la abiria lililojaa, lenye tani tatu, ni mara mbili ya hapo. Shofa wetu haendi mbio, anakwenda polepole sana, lakini akishuka mguu ukiwa juu ya freni muda wote badala ya kuliacha gari lizuiwe na vitesi ndogo, anazipika freni zake kama yule wa Nürburgring. Na yeye nyuma yake ana watu kumi na wanane na mifuko ya mihogo.

Kwenye redio tunasoma matangazo ya vilio. Nikirudia sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko zote kuhusu barabara ile, ni hii: gari lilikosa freni. Tunaisema kama vile freni ni mgeni ambaye hakufika.

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye barabara hiyo. Alinunua Hiace ya mtumba, ilitoka Japani, ikapita Dar es Salaam na Kigoma, ikavuka ziwa mpaka bandari ya Kalundu, volani iko kuume wakati inchi yetu inaendesha kuume. Mwaka huu alikuwa ameweka dola 400. Alitaka turbo. Sababu zake si za kitoto. Akipanda Ngomo na mzigo wenzake wanampita, na kwenye parkingi ya Bukavu anayefika kwanza ndiye anayejaza kwanza. Anayechelewa analala, na kulala ni chakula, ni kitanda, ni siku moja bila pesa.

Nilimwambia aanze na freni. Alinitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama yaya wake anayeongea juu ya kazi asiyoifanya.

“Yaya, abiria hawalipii freni. Wanalipia kufika.”

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli, hakuna abiria anayeuliza plakete zina umri gani. Anauliza kama gari linaondoka sasa hivi.

Nikamletea hadithi ya Sabine Schmitz. Huyo alikuwa mama wa Ujerumani, aliyekulia pale pale Nürburg katika hoteli ya wazazi wake, na alishinda mbio za saa 24 za uwanja huo mwaka 1996 na 1997. Alifariki mwaka 2021. Mwaka 2005 televisheni ya Waingereza ilimpa Ford Transit ya mazuti, basi dogo la kubebea mizigo, ndugu wa Hiace kabisa, ajaribu kuzunguka chini ya dakika kumi. Alikosa kwa sekunde 8. Njiani alipita watu waliokuwa na magari ya fahari. Alijua wapi pa kuachia, wapi pa kukanyaga, na wapi gari linaweza kuendelea bila kuguswa. Mdogo wangu aliangalia video mara tatu. Halafu akasema kwamba mama huyo hakuwa na abiria wala mihogo, na kwamba barabara yake ilikuwa na lami. Yote ni kweli.

Aliyemaliza jambo ni mzee wa garaji, ambaye kwenye mabishano ya Porsche huwa hasemi kitu. Alimwambia mdogo wangu:

“Mwanangu, lete gari, tutazame mafuta tu. Kutazama ni bure.”

Alifungua kijiskurubu kwenye gurudumu la mbele, akaweka mpira mwembamba na chupa ya maji ya kunywa iliyo tupu, mtu mmoja akawa anakanyaga pedali. Mafuta ya freni yakiwa mapya yana rangi ya manjano hafifu, kama chai isiyokolea. Yale yalitoka meusi kama kahawa.

Mzee akaeleza, na mimi baadaye nikahakikisha namba. Mafuta hayo yananyonya maji kutoka hewani, polepole, hata gari likiwa limesimama, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Kwenye chupa kumeandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 4 ikiwa mpya lazima ivumilie angalau digrii 230 kabla ya kuchemka. Ikisha kunywa maji, kiwango chake cha chini ni digrii 155. DOT 3 inaanza kwa 205, inashuka mpaka 140. Tofauti hiyo haionekani kwenye safari ya Sange au Luvungi, barabara ni tambarare, freni zinapoa. Inaonekana kona ya kumi ya Ngomo.

Garaji ilinyamaza. Hata mtu wa Tesla.

Mdogo wangu alikubali nusu. Mafuta mapya ya DOT 4, plakete za mbele, na zile za ndani ya ngoma za nyuma, ambazo moja ilikuwa imebaki chuma. Pamoja na mkono wa fundi ililipwa dola 115. Turbo aliiacha, si kwa sababu nilimshinda, ni kwa sababu dola 285 zilizobaki hazitoshi.

Alhamisi alipanda Bukavu na abiria. Ijumaa mchana akanipigia simu kutoka Kamanyola, alikuwa ameshuka, anakunywa soda kando ya barabara, nyuma nasikia mama mmoja anadai chenji yake. Nilimuuliza pedali iko namna gani.

“Iko juu, yaya. Nilishuka na vitesi ya pili.”

Halafu akaniuliza kama namjua mtu Bujumbura anayeuza turbo kwa bei ya kirafiki.