Karani wa Kuazimwa

Nilipata kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wavuvi katika mji mdogo wa pwani. Hesabu zetu zilikuwa zimevurugika kama nyavu zilizopitiwa na papa. Tajiri mmoja aliyekuwa akinunua samaki wetu alituonea huruma akasema, "Katibu, nitawaazimeni karani wangu. Mshahara wake juu yangu." Tulimshukuru kwa dua.

Karani yule hakuiba hata senti moja. Napenda jambo hili lieleweke. Alikuwa na hati nzuri, adabu, na subira kunishinda mimi. Baada ya miezi michache wanachama walizoea kumwuliza yeye kwanza, nami, nakiri, nilifurahi kupumzika. Ulipofika wakati wa kupanga bei mpya ya nguru na changu, yeye ndiye aliyeandika pendekezo. Bei haikuwa ya dhuluma. Ilikuwa bei ambayo tajiri wake angeweza kuilipa bila ya kukunja uso, basi. Mzee mmoja aliuliza, "Mwanangu, hesabu hii ilianzia upande gani?" Sikuwa na jibu.

Nilikumbuka swali lile niliposoma habari za Uingereza. Huko, kampuni kubwa ya wahasibu, PwC, ilikiazima chama cha Labour wafanyakazi wake kilipokuwa katika upinzani baada ya uchaguzi wa 2010. Haikuwa siri: sheria ya mwaka 2000 huihesabu kazi ya mtu aliyeazimwa kuwa ni mchango, kama fedha taslimu, nao mchango mkubwa hutangazwa. Mwaka 2015 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Margaret Hodge, mbunge wa chama hicho hicho, iliishutumu PwC kwa kuwauzia wateja njia za kupunguza kodi kupitia Luxembourg. Kampuni ilikanusha.

Daftari la michango huonyesha thamani ya msaada kwa pauni. Halionyeshi ni sentensi gani iliyoandikwa na mgeni, wala ni ipi aliyoacha kuiandika. Fedha ya bahasha huisha ikitumiwa. Mtu aliyeketishwa mezani huja na mazoea ya nyumba alikotoka, na pengine mwenyewe hajui kuwa ameyabeba.

Bei ile ilipita. Mzee hakunyosha mkono. Mimi nilinyosha.