Zege Kuukuu Si Takataka

Ndugu msomaji, twende safari. Tunatoka Sumbawanga, tunaelekea Laela. Nchi ya Ufipa iko juu, tena ni wazi. Utaona nyasi, mashamba ya mahindi na miti michache. Chini yako ni lami. Barabara hii ya Tunduma hadi Sumbawanga ina kilometa kama 224. Marekani ilitoa fedha za kuijenga katika mkataba wa mwaka 2008.

Sasa acha lami, shika njia ya kijijini. Mvua huanza Novemba, huisha Aprili. Bondeni lori la mahindi linazama. Mama mjamzito anashushwa garini, anavuka kwa miguu. Tope la hatua 20 tu linafunga kijiji kizima.

Tazama mahali palipovunjwa sakafu ya zamani, au palipotupwa kalvati lililopasuka. Lile ni zege, yaani mawe, mchanga na saruji vilivyoshikana. Ukiliponda unapata kokoto. Ujerumani, baada ya vita kwisha mwaka 1945, vifusi vya nyumba vilitumika kujengea upya miji. Leo nchi nyingi huponda zege kuukuu kwa mashine na kulitandaza chini ya lami.

Sisi tutatumia nyundo. Toa nondo, mbao na udongo. Usichanganye na tofali za kuchoma, maana nyingi hulainika zikilowa. Lowesha zege kwanza, kwa sababu vumbi lake huumiza mapafu. Ponda vipande visizidi yai la kuku. Unga wake usiutupe, hujaza nafasi.

Lakini mtaro kwanza! Mimi ni bwana shamba, si mhandisi, ila najua maji yakituama hakuna kinachosimama. Ukimwaga zege juu ya tope, umelizika tu. Ondoa tope mpaka ufike udongo mgumu. Tandaza kokoto unene wa sentimeta 10 hivi, mwagia maji, shindilia sana. Kisha ongeza tabaka jingine. Zege kuukuu hunywa maji kuliko jiwe la mlimani, basi usiyabanie. Juu yake weka changarawe. Karibu na kisima usilitumie, kwani maji yanayopita humo huchukua ukali wa chokaa.

Tangu 2017 barabara za vijijini zinasimamiwa na TARURA. Mwenyekiti wenu aende kwao wilayani kabla hamjagusa barabara. Aende mapema, ili Septemba muanze kazi. Wakati huo ardhi ni kavu na mahindi yamekwisha kuvunwa.