Muhuri Mkobani

Tangu janga la UVIKO-19 lipungue, wakuu wa makampuni huko Marekani na Uingereza wamekuwa wakiwabembeleza, na wengine wakiwatishia, wafanyakazi waliozoea kufanyia kazi nyumbani ili warejee ofisini. Wanafunzi wangu hulijadili jambo hili kana kwamba ni geni. Kwetu ni kongwe: tulikuwa na wafanyakazi wa mbali kabla ya intaneti. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Katika ujana wangu nilifundisha shule moja ya msingi huko Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi walioikimbia Burundi mwaka 1972. Nilikuwa nikikaimu ualimu mkuu. Nyumba ya mwalimu ilivuja, maji yalikuwa mbali, nami nikapanga chumba Mpanda mjini. Nilifika kituoni Jumatano, nikaondoka Ijumaa. Muhuri wa shule niliutembeza mkobani.

Jumatano moja nilimkuta mama mmoja ameketi barazani na mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Tuko hapa tangu juzi."

Alihitaji barua ya utambulisho ili kijana akaripoti sekondari, na siku ya mwisho ya kuripoti ilikuwa jana yake. Kunifuata mjini hakuweza. Zama zile mkimbizi hakutoka makazini bila kibali. Mimi niliyekuwa huru kwenda nitakako ndiye niliyemfungia mlango. Nikaandika barua upesi, nikaweka tarehe ya Jumatatu, nikagonga muhuri. Kijana akaisoma, akasema kwa adabu, "Mwalimu, leo ni Jumatano."

Sikumjibu.

Watu wale leo ni raia. Pamoja na wenzao wa Katumba na Ulyankulu, zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Lakini cheti cha uraia kina maana gani mbele ya ofisi iliyofungwa? Kwa sababu hiyo niliunga mkono agizo la mwaka 2019 la kuzitaka halmashauri zilizokuwa na ofisi nje ya maeneo yao zihamie kwa wananchi wao. Makao ya Wilaya ya Tanganyika, ambayo Mishamo imo ndani yake, sasa yako Majalila.

Hata hivyo, meza na majalada huhama kwa lori moja. Mtumishi huhama akipata paa, maji na shule ya watoto wake. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na Serikali haikuhama kwa dhati hadi baada ya tangazo la mwaka 2016. Sasa mwalimu wa kijijini aliyechelewa miezi mitatu tumwite mtoro? Wenzangu wanaoamini kwamba vitisho vinatosha hawajawahi kulala katika nyumba ile. Nami, kwa upande wangu, katika miaka yangu yote pale sikuandika barua hata moja kuomba paa litengenezwe. Lilinifaa likivuja.

Hivi karibuni kijana niliyemfundisha chuo, aliyepangiwa kazi huko huko Mishamo, alinipigia simu akitaka nimsaidie apate uhamisho. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamuuliza anapiga kutoka wapi.

Akanyamaza kidogo. "Mpanda mjini, mwalimu."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi.