Bwana Miti wa Visiki

Nilipopangiwa Sikonge, wazee walinipima kwanza kwa udongo. "Mwangaluka, Bwana Miti. Hapa wewe ungelima nini?" Niliuchota, nikaufikicha: kichanga cha kijivu wanachokiita luseni, fosforasi haba, naitrojeni haba. Lakini juu yake ilisimama mitundu na miyombo hadi upeo wa macho.

Siri iko mizizini. Mvua zikishakolea, fukua chini ya mtundu uchomoe kizizi chembamba: ncha zake zimevishwa kuvu kama soksi. Nyuzi za kuvu hiyo hupenya kwenye majani yanayooza, zikaufyonzea mti virutubisho; mti nao huilipa sukari. Uyoga mwingi ambao akina mama huokota hapo ni zao la kuvu za namna hiyo. Kwa ushirika huo, miti ya jamii chache imelitawala pori zima. Panda kichuguu kikubwa, hatua chache tu kutoka hapo, kwenye mfinyanzi wenye rutuba: utakuta mkwaju na vichaka, mtundu hauuoni. Teremka mbugani kwenye udongo mweusi, utakuta nyasi na migunga. Mpangilio huo wa udongo kutoka mlimani hadi bondeni ndio Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani aliouelezea miaka ya 1930, na wazee wa Kinyamwezi walikuwa wakilima kwa kuufuata muda mrefu kabla yake.

Kazi yangu hasa ilikuwa kulinusuru pori hilo na kilimo cha tumbaku. Mkulima hufyeka pori, humwaga mbolea ya NPK, hukata kuni za kukaushia, kisha huhama. Wengi hudhani pori hurudi kwa mbegu. Hapana, zaidi hurudi kwa visiki na mizizi. Shamba la jembe la mkono huchipua miyombo upesi; lililong'olewa visiki kwa trekta hutekwa na nyasi, na nyasi hualika moto. Kule Ndola, Zambia, majaribio yaliyoanza 1933 yalionyesha nguvu ya moto huo: palipochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, miti mikubwa ilitoweka.

Miche ya mikaratusi niliigawa kama nilivyoagizwa, maana kuni za kukaushia tumbaku zinahitajika, ingawa nyuki na waokota uyoga wanautaka mtundu. Nikishagawa, nilikuwa nawasihi wenye mashamba wasing'oe visiki.

"Kisiki kitanivunjia mpini, Bwana Miti," mmoja alilalamika.

"Basi tuta lipinde, baba, likizunguke."

Alicheka, akaenda kumwita jirani yake aje amsikie bwana miti anayetetea visiki.