Mjomba wa Wajerumani

Mwaka jana tulimpelekea mjomba wetu barua, tukaianza kwa neno “Anko,” kama wafanyavyo vijana wa mjini. Tulipokwenda kumwamkia, mzee alituuliza kwa upole, “Mpwa wangu, huyo Anko ni nani? Ni ndugu wa baba yako au wa mama yako?” Tukaona haya, maana baba yetu alipofariki, ndiye huyo aliyetulipia karo ya shule, akisema, “Mimi ndimi mjomba.”

Tangu siku ile tukachungua habari za neno hili, tukaona ya kuwa Wajerumani walitutangulia katika njia hiyo. Miaka zaidi ya 1,000 iliyopita walikuwa na maneno manne mahali ambapo leo hutumia mawili. Ndugu wa baba aliitwa “fetiro,” neno litokalo katika “fater,” yaani baba, kama sisi tusemavyo baba mdogo. Ndugu wa mama aliitwa “oheim”, dada wa baba, “basa”, dada wa mama, “muoma.” Wala mjomba hakuwa mtu mdogo kwao. Tacitus, Mrumi aliyeandika habari zao mwaka 98, asema kwamba mtoto alipendwa na mjomba wake sawasawa na baba yake.

Lakini tangu karne ya 17 wakuu wao walipenda kusema Kifaransa, na maneno “Onkel” na “Tante” yakaingia. Oheim likazeeka, likabaki vitabuni. Fetiro, ambalo sasa ni “Vetter,” likageuka kuwa jina la binamu. Leo Mjerumani akisema Onkel, hujui ni wa upande gani mpaka aeleze.

Tena sikilizeni ajabu: Onkel lao na anko letu ni ndugu, yote mawili yatoka katika neno la Kirumi “avunculus,” na maana yake ya kwanza ni ndugu wa mama tu. Basi amwitaye ndugu wa baba yake anko, kwa asili ya neno amemwita mjomba!

Hatusemi kwamba neno la kigeni ni baya; hata “amu” tulilipata kwa Waarabu. Lakini amu lilikuja likakaa mahali pake, halikumfukuza mjomba. Jina la jamaa hubeba na wajibu wake; jina likipotea, mtoto aliyefiwa atajuaje amwendee nani?

Tumekwisha kumwandikia mzee barua nyingine. Yaanza hivi: “Kwa mjomba wetu mpenzi.”