Kubaki Kazini si Kuridhika

Wabeba boksi wengi hapa Uingereza tumehamia kwenye kutunza wazee. Mameneja hutusifu kwamba hatuachi kazi ovyo, nao huona huo ni uaminifu. Wengine kweli wanaipenda kazi. Lakini aliyekuja kwa viza ya mfanyakazi wa afya na matunzo amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Akiacha kazi, mwajiri hutoa taarifa Home Office, na viza ikikatwa kwa kawaida hubakiwa na siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kufungasha. Tangu Julai 2025 watunzaji wapya hawaajiriwi tena kutoka nje, kwa hiyo anayerudi nyumbani anajua mlango umefungwa nyuma yake. Mtu wa namna hii hupangiwa zamu za usiku mfululizo na bado husema ahsante.

Nyumbani nako kuna kamba. Dada yangu ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Hati yake ya mshahara imejaa makato: mfuko wa pensheni, bima ya afya, Bodi ya Mikopo asilimia 15, kisha mkopo wa benki uliofikisha nyumba yake kwenye lenta. Shule binafsi ilimwahidi mshahara mnono zaidi, akakataa. Nilidhani ni mkopo. Akaniambia, "Kaka, mkopo ningeuhamisha. Mkuu wa shule ananiruhusu kumpeleka mama kliniki bila kuninunia. Huko nitampata wapi mtu kama huyo?"

Jibu lake nalielewa vizuri. Nilipopata ukaazi wa kudumu ningeweza kuondoka kesho yake, lakini nimebaki. Msimamizi wangu hutoa ratiba mapema, na nilipofiwa na baba hakuuliza kama ni lazima nisafiri. Alitafuta wa kushika zamu zangu. Heshima ya aina hiyo ndiyo inayomweka mtu kazini hata pale anapokuwa huru kuondoka. Mwajiri anayetegemea viza au mkopo atabaki na watu wanaohesabu miezi.

Nanyi ndugu zetu mlio nyumbani, mtu wa ughaibuni akiwaambia kazi inamuumiza, msimjibu "vumilia" tu. Mara nyingi anavumilia kwa sababu ada na kodi zenu zinamngoja mwisho wa mwezi. Mpeni miezi miwili mitatu bila kumwomba pesa, atafute mdhamini mwingine kwa utulivu.