Filamu ya babu yasafishwa kwa kahawa

Kamera ya babu ilikaa kabatini zaidi ya miaka 20, imeviringishwa kwenye kitambaa, na hakuna aliyeishughulikia mpaka mjukuu wake wa kidato cha pili alipoona kidirisha cha namba kimesimama kwenye 31. Maana yake ndani mlikuwa na filamu yenye picha 31 ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona. Alikuwa ameshashika kitasa cha kufungulia mgongo wa kamera mama yake alipompigia kelele. Sekunde moja ya mwanga ingeweza kuharibu picha nyingi.

Babu alikuwa mpiga picha wa mtaani Tanga: picha za pasipoti na vitambulisho, nyeusi na nyeupe, shuka jeupe likiwa nyuma ya mteja. Alifariki ghafla. Studio aliyokuwa akipeleka filamu zake kusafishwa ilishafungwa siku nyingi.

Kijana alikuwa amesoma kwamba filamu nyeusi na nyeupe inaweza kusafishwa nyumbani kwa kahawa ya unga inayoyeyuka, soda ashi na vitamini C. Si uzushi. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo kimoja huko Rochester, Marekani, mji uleule wa kampuni ya Kodak, walionyesha kwamba kahawa iliyochanganywa na soda huibua picha. Vitamini C iliongezwa baadaye na watu wengine ili kazi iende haraka. Kafeini haihusiki, wanaofanya kazi ni asidi nyingine zilizomo kwenye kahawa, ambazo hugeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Ndiyo maana kahawa ya bei ya chini hufaa kuliko ile ya kifahari.

Soda ashi ilikuwepo stoo, kwa kuwa mama anatengeneza sabuni ya maji ya kuuza. Stoo hiyohiyo ina kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho, na mama alikataa katakata mtoto asipime chochote peke yake. Alikuwa na haki.

Aliyegoma ni bibi. "Hizo ni picha za watu," alisema. "Na mkiziharibu, mtamwambia nini babu yenu?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Walikubaliana kwanza wanunue filamu mpya, wapige picha za kuku na za majirani, wajifunzie hiyo.

Kwa nusu lita ya maji walipima gramu 27 za soda ashi, gramu 8 za unga wa vitamini C na gramu 20 za kahawa. Soda hutangulia, na ikiyeyuka huyapasha maji joto. Vitamini C hufuata, na mchanganyiko huchemka povu kidogo. Kahawa huja mwisho. Harufu yake haifanani na kahawa hata kidogo. Mdogo wake kijana alikimbilia uani. Lakini kwa macho inafanana kabisa na kahawa iliyopoa, na hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa mkali: vyombo hivyo visirudi jikoni, na chupa iandikwe jina kabla haijajazwa.

Filamu ya majaribio ilitoka nyeusi tii. Kosa lilikuwa joto. Dakika 15 zinazotajwa ni za maji ya nyuzi 20, na maji ya bomba Tanga hayajawahi kuwa hivyo. Mara ya pili waliweka chombo kwenye beseni la barafu, kipimajoto kikiwa ndani, na picha za kuku zikatoka vizuri.

Kilichobaki kilikuwa giza. Wengi hudhani taa nyekundu inatosha, kwa sababu ya sinema. Taa hiyo ni ya karatasi za kuchapia. Filamu ya aina hii huona nyekundu pia. Kwa wiki mbili kijana alifumba macho akizungusha filamu iliyoharibika kwenye kigurudumu cha kopo la kusafishia, mpaka vidole vikazoea. Kisha usiku mmoja, baada ya kuirudisha filamu ya babu kwenye kikopo chake, alijifungia stoo, blanketi mlangoni, simu zote nje. Alifungua kikopo kwa kifungulia soda. Alikaa humo dakika 40. Bibi alikaa kwenye mkeka nje ya mlango na hakusema neno.

Dakika 15 za kahawa, kopo likipinduliwa mara tatu kila dakika. Maji ya kusuuza. Kisha fiksa, na hii haitoki jikoni. Chumvi nyingi kwenye maji inaweza kuchukua nafasi yake, lakini huchukua siku nzima au zaidi, na haifai kwa filamu isiyo na ya pili. Walinunua fiksa. Iliyotumika hubaki na madini ya fedha, hivyo waliifungia kwenye dumu badala ya kuimwaga kwenye mchicha.

Filamu ilining'inizwa bafuni kwa kibanio cha nguo. Ilikuwa na ukungu wa uzee, na picha nyingi zilipotea. Nyuso 11 zilionekana. Kijana aliziweka juu ya kioo cheupe cha simu ya mama, akazipiga kwa simu nyingine, akageuza weusi kuwa weupe. Walikuwa wamesubiri kumwona babu, lakini babu hakuwemo hata kwenye moja. Alikuwa upande wa pili wa kamera.

Bibi alivaa miwani akawataja mmoja mmoja. Huyu alihamia Muheza. Huyu ni marehemu. Huyu mama yake alikuwa akiuza mbaazi. Kwenye ya tisa alisimama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu alilipa nusu, akasema atamalizia akija kuchukua picha."

"Yupo, bibi?"

"Si huyo anayeshona viatu pale stendi!"

Jumamosi iliyofuata kijana alikwenda kuichapisha.